Kila doa lina kisa chake: jibu kwa aliyeachiwa sanduku la treni ndogo

"Fundi, salaam. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia. Katika vitu alivyoacha kuna sanduku lenye mabehewa tisa ya mizigo ya treni ndogo, ya plastiki, pamoja na vipande vya reli. Yamejaa maandishi: ATSF, UTLX, CAPY, LD LMT, BLT 5-57. Mimi nimezaliwa Changamwe na nimekua nikiyaona mabehewa yakipita, kwa hiyo nataka haya yafanane na yale, yaliyochakaa na kuliwa na kutu. Moja nimelipuliza rangi ya kopo ya magari: upande mmoja limekunjamana, upande wa pili limefanya ukungu mweupe. La pili nimelipaka kutu ya rangi ya machungwa kwa brashi, na sasa mke wangu analiita embe. Nakosea wapi? Na je, ni vibaya kuyageuza yawe ya Kenya?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu, na Mungu amrehemu mjomba. Mkeo ana jicho zuri, msikilize. Hofu yako, nikiielewa vyema, ni kwamba mkono wako mzito na utaharibu urithi. Mkono wako sijauona, lakini makosa uliyoyaeleza si ya mkono. Moja ni la kemia, moja ni la hali ya hewa ya hapa kwetu, na moja ni la kutazama. Weka brashi chini kwanza tuyatambue mabehewa yenyewe.

Chukua rula upime nafasi kati ya reli mbili, ndani kwa ndani. Ukipata milimita 16.5, na maandishi ni ya Kimarekani kama ulivyonakili, basi bila shaka una kipimo kiitwacho HO, ambacho kila kitu kimepunguzwa mara 87. Ukipata milimita 9, ni kipimo cha N, mara 160. Mtu wa Mombasa ana njia rahisi zaidi ya kuhakikisha, maana kontena tunazijua kuliko tunavyojua mitaa yetu: kontena ya futi 20 ina urefu wa mita 6.06, kwa hiyo katika HO itakuwa na milimita 70 hivi, na ile ya futi 40 itakuwa na milimita 140. Kama sandukuni mna kontena hata moja, ipime. Behewa la sanduku, yaani lile lenye kuta na paa, la futi 40 nalo litakaribia urefu huohuo wa milimita 140.

Sasa maandishi. Herufi za mwanzo ni za mwenye behewa. ATSF ni Atchison, Topeka and Santa Fe, kampuni ya reli ya Marekani. UTLX ni Union Tank Car Company, na ile X ya mwisho inakuambia kuwa mwenye behewa si kampuni ya reli bali ni kampuni inayomiliki au kukodisha mabehewa. CAPY ni uwezo wa kubeba kwa ratili. Ukiona 100000, ni kama tani 45. LT WT ni uzito wa behewa likiwa tupu, na LD LMT ni mzigo wa juu kabisa unaoruhusiwa. Jumlisha hizo mbili utapata uzito wote ambao reli inaubeba. BLT 5-57 maana yake behewa lilijengwa Mei 1957.

Hiyo tarehe ndiyo nataka uishike, kwa sababu ndiyo itakayokuambia uchakavu gani ni wa kweli. Tazama paa la lile la sanduku: kuna ubao mwembamba wa kutembelea katikati? Zamani wafanyakazi walitembea juu ya paa kwenda kufunga breki za mkono, na tangu 1966 mabehewa mapya ya aina hiyo yakaanza kujengwa bila huo ubao. Je, ubavuni kuna kibao kidogo chenye mistari ya rangi kama ngazi? Hicho kilikuwa cha kusomwa na mashine kando ya reli. Kilianza 1967 na mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Behewa lenye kibao hicho haliwezi kuwa la 1960, hata kama tarehe ya kujengwa ni 1957. Ukishayasoma hivi, kila behewa litakutajia umri wake, nawe hutalipaka kutu ya miaka 40 lililotoka kiwandani juzi.

Kuhusu kuyageuza ya Kenya: si vibaya, lakini sikiliza hesabu. Reli ya zamani iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 ina upana wa mita moja. Milimita 16.5 mara 87 ni karibu 1,435, na huo ni upana wa SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017. Kwa hiyo reli za mjomba, bila yeye kukusudia, ni reli za Miritini, iliko stesheni ya SGR, si za stesheni ya zamani. Wanaotengeneza reli ya mita kwa kipimo hicho hutumia reli zenye nafasi ya milimita 12, na kubadilisha magurudumu, fremu na kimo cha mabehewa tisa ili yakae juu yake ni kazi ya kuanza upya. Zaidi ya hayo, SGR ilijengwa kwa viwango vya Kichina, na ndoano zake za kuunganishia ni zile zinazofumbatana kama ngumi mbili, za ukoo mmoja na zile za Marekani ulizonazo. Kama kuna behewa bapa la kubebea kontena humo sandukuni, hilo linaweza kuwa la SGR kwa kazi ndogo tu.

Unachokikumbuka wewe, hata hivyo, ni reli ya mita, na kumbukumbu haibishani na rula. Ushauri wangu ni huu. Mabehewa mawili matatu yaliyo mazima, yenye maandishi safi, yaache yawe ya Kimarekani kama mjomba alivyoyaleta, uyachakaze tu bila kufuta maandishi. Moja au mawili yageuze kwa moyo wako, ukijua wazi kwamba ni ya kubuni. Na ukitaka kuandika jina la reli ubavuni, chunga mwaka: East African Railways and Harbours ilianza 1948, bandari zikatengwa 1969, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, ndipo Kenya Railways ikaingia. Behewa lenye herufi za KR likivutwa na injini ya mvuke yenye nembo mpya inayong'aa ya EAR&H litamchekesha mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi Changamwe. Rangi yenyewe usiichukue kutoka kwa maneno ya mtu, hata yangu. Tafuta picha. Ukifika Nairobi, ingia makumbusho ya reli karibu na stesheni ya zamani, lipa kiingilio, upige picha za pembe, bawaba na fremu za magurudumu, zile ambazo watu hupita bila kuzitazama. Hapa kwetu usiingie yadi ya reli wala eneo la bandari na kamera bila ruhusa. Utayaona vizuri tu ukiwa barabarani.

Tuje kwenye lile lililokunjamana. Plastiki ya mabehewa haya kwa kawaida ni polistirini, ambayo huyeyuka kwenye tina kali, yaani kile kiyeyusho cha rangi. Rangi ya kopo ya magari imetengenezwa kwa ajili ya bati. Tina yake haina la kulifanya bati, lakini kwenye polistirini inaingia, inalainisha ngozi ya juu, na ngozi hiyo ikikauka inajikunja kama maziwa yaliyopoa. Hilo halirudi. Usilitupe lakini, nitakuambia la kulifanyia.

Ule ukungu mweupe ni jambo lingine kabisa, na watu wengi wa pwani hulaumu rangi mbovu bure. Tina ikipaa kwa haraka huchukua joto la pale ilipokuwa, ndiyo maana spiriti ikikugusa mkononi unahisi baridi. Uso wa behewa unapoa ghafla, na hewa ya Mombasa iliyojaa maji inaacha umande juu yake, kama glasi ya maji ya barafu mezani. Umande huo unanaswa ndani ya rangi kabla haijakauka, na vitone vyake vinatawanya mwanga. Jicho linaona weupe. Fundi wa magari wa kwetu anajua: hapulizi rangi mvua inaponyesha, wala alfajiri, wala jua likishazama. Puliza kati ya saa tano na saa tisa mchana, kivulini penye hewa, katika siku kavu. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ndiyo miezi mizuri. Mei, masika ikiwa imeshika, mimi hufunga makopo yangu nikafanya kazi ya kupima na kukata. Usipulize juani pia, maana rangi hukauka ikiwa bado hewani na kutua kama mchanga. Tabaka ziwe nyembamba, na ungoje kati yake. Ukungu ukiwa mwepesi, wakati mwingine varnishi ya maji isiyong'aa huuficha. Ukiwa mzito, lowesha behewa kwenye spiriti ya isopropili, sugua kwa mswaki mkuukuu, uanze tena. Jaribu kwanza chini ya tumbo la behewa kwa muda wa saa moja uone kama plastiki inavumilia.

Kwa plastiki nakushauri uhamie kwenye rangi za akriliki za maji, hata zile za wachoraji zinazouzwa madukani, ukazipake kwa brashi laini tabaka mbili tatu nyembamba. Kabla ya hapo osha behewa kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuitoa kwenye kalibu, na vidole vyetu huongeza mengine. Ukiosha, usilishike tena kwa mikono mitupu. Nimeona rangi ikibanduka kama ngozi ya nyoka kwa sababu ya kidole gumba kimoja.

Sasa embe.

Kosa lako si rangi ya machungwa. Kutu ya machungwa ipo, lakini ni kutu ya juzi, changa, ya mahali palipokwanguliwa na kupata maji. Ikikaa inakuwa kahawia, kisha kahawia iliyoiva karibu na weusi. Wewe umelipaka behewa zima kutu ya juzi, na hakuna behewa linaloshika kutu zima siku moja. Kutu inahitaji chuma kilicho wazi, maji na hewa kwa pamoja, na chumvi ya bahari inaiharakisha kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo wa kemia kwa wepesi zaidi. Palipo na rangi nzima, chuma kimefunikwa. Basi jiulize, rangi huvunjika wapi? Kwenye kingo za milango inayosukumwa kila siku. Kwenye vidaraja ambavyo buti za wafanyakazi hukanyaga. Kwenye maungio ya bati. Kwenye kila ubapa unaoshika maji ya mvua, hasa ukingo wa chini kabisa. Kutoka hapo mvua huishusha kutu kwa michirizi, na mchirizi daima huenda chini, mwembamba juu na kufifia chini. Nimeona mtu amechora michirizi ya kwenda kando. Labda behewa lake lilipinduka.

Anza na kahawia iliyoiva, karibu nyeusi. Kata kipande kidogo cha sponji ya kuoshea vyombo, kichovye, kifute kwenye karatasi mpaka kiwe karibu kikavu, kisha gusagusa kwenye kingo tu. Ndani ya doa hilo, siyo kulizunguka, tia chembe ya rangi ya machungwa kwa ncha ya brashi. Kisha lowesha brashi na maji, ivute chini mara moja. Hiyo ndiyo kutu. Na kumbuka umbali: ukilitazama behewa la HO ukiwa sentimita 60 kutoka mezani, ni sawa na kulitazama la kweli ukiwa mita 52. Ukiwa mita 52 huoni kila ribiti ilivyoshika kutu, unaona kivuli tu. Mchirizi wako wa milimita 2 ni wa sentimita 17 katika behewa la kweli, karibu urefu wa kiganja pamoja na vidole. Ndiyo maana mara nyingi kazi nzuri ni ile unayodhani bado haijaonekana.

Zipo sehemu ambazo hazishiki kutu hata behewa likiwa kuukuu, na hizo ndizo zinazomtambulisha fundi. Mkanyago wa gurudumu, pale linapogusa reli, hung'aa kila siku likitembea; uso wake wa kando ndio wenye vumbi la breki na mafuta, kahawia isiyong'aa. Uso wa ndoano unaosuguana na mwenzake nao ni msafi. Paa ndilo linaloteseka: jua la pwani hulifanya lipauke mpaka rangi ibanduke vipande. Kwa paa, koroga rangi ileile ya behewa na nyeupe kidogo na maji mengi, upake wepesi. Upaukaji ndio unaosahaulika zaidi, wakati ndio wa kwanza kutokea.

Mzigo nao huandika. Behewa la tangi hupata michirizi myeusi inayong'aa kutoka kwenye kifuniko cha juu, panapomwagika mafuta wakati wa kujaza, kwa hiyo UTLX wako apakwe hapo tu, kisha utie tone la varnishi inayong'aa juu ya weusi huo ili uonekane umelowa. Behewa la saruji huwa na ukoko wa kijivu kuzunguka midomo ya juu. La magadi, yanayokuja kutoka Ziwa Magadi kupitia Konza, ni weupe uliochirizika. Tangi la mafuta lenye unga mweupe juu lina kisa gani? Kama huna jibu, futa.

Vumbi nimeliacha mwisho kwa sababu nalipenda. Treni ikitoka hapa, ikishapita Mariakani na Mackinnon Road kuelekea Voi, inaingia kwenye ule udongo mwekundu unaowafanya hata ndovu wa Tsavo waonekane wekundu. Magurudumu huurusha juu, hivyo vumbi hukaa theluthi ya chini ya ubavu na kwenye ncha mbili za behewa, siyo sawasawa kila mahali. Ukipata jamaa anayekuja kutoka Voi, mwambie akuletee ngumi moja ya udongo. Ukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka ukauke kabisa, uchekeche kwa kitambaa chepesi mara mbili, kisha upitishe sumaku juu yake, maana udongo mwekundu una chembe zinazovutwa na sumaku, na hizo zikiingia kwenye mota ya injini ndogo zitaila. Paka unga huo kwa brashi kavu, kidogo kidogo, kisha uufunge kwa ukungu mwepesi wa varnishi isiyong'aa. Varnishi itaufifisha karibu nusu, usishtuke. Ukikosa udongo, saga chaki za kuchorea za kahawia na nyekundu pamoja na makaa.

Mchanga wa ufuoni usiutumie kamwe. Niliwahi kuokota wa Nyali, mweupe wa kupendeza, nikautandaza kando ya reli zangu. Chumvi iliyomo huvuta unyevu, na masika ilipoisha nilikuwa na kutu ya kweli kwenye kila reli ya chuma. Gusa reli za mjomba kwa sumaku: zikivutwa ni chuma, zifute kwa mafuta mepesi uziweke kwenye mkebe unaofunga, pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Na lile lililokunjamana? Lipake kahawia yote kama kutu ya zamani, puliza spreyi ya nywele ya kawaida, iache ikauke, kisha paka akriliki ya rangi ya behewa juu yake. Baada ya nusu saa hivi, sugua hapa na pale kwa brashi yenye maji. Spreyi ya nywele huyeyuka kwa maji, rangi ya juu itabanduka vipande na kutu itachungulia. Mikunjo ile itaonekana kama bati lililooza. Liweke mwisho wa reli, kwenye majani, bila magurudumu. Kila yadi ina moja kama hilo.

Yako mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama behewa lolote ni la shaba au bati, zito mkononi, usilipige msasa: rangi za zamani huenda zina risasi, na behewa lenyewe laweza kuwa na thamani kwa wakusanyaji. Mpelekee mtu anayezijua alitazame kabla hujaligusa. Ukitaka kujifunza kupuliza rangi, kaa mchana mmoja na fundi wa magari unayemwamini; utajifunza umbali na mwendo wa mkono kuliko nitakavyokueleza kwa kurasa kumi. Lakini zile rangi zake za kuchanganya na dawa ya kukausha usizilete nyumbani. Mvuke wake huumiza mapafu na unaweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na kitambaa puani hakiuzuii; inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Ukishapuliza chochote ukasikia kifua kinabana au kikohozi kisichokwisha, acha kazi, nenda hospitali, na umweleze daktari ulikuwa ukitumia rangi gani.

Embe lenyewe halijaharibika. Kama ulitumia akriliki, lipake maji ya kahawia iliyoiva juu ya ile ya machungwa, lifute kabla halijakauka kwa kitambaa kwa kuvuta chini, kisha mpe mkeo alitazame tena akiwa upande wa pili wa meza.